Ndege ya Mtumba ya Injini Moja: Kagua Injini Kabla ya Rangi

Wengi wanaotaka Cessna Caravan au Pilatus PC-12 iliyotumika huanza kwa kuuliza bei, mwaka na viti vya ngozi. Sisi huanza kwingine: injini imebakiza saa ngapi, na zile ilizokwisha kuruka ilizirukia wapi?

Caravan 208B nyingi zina injini ya PT6A-114A ya Pratt & Whitney Canada, nguvu farasi 675. Muda wake kati ya ukarabati mkubwa mmoja na mwingine ni saa 3,600, na karibu na saa 1,800 sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapochomwa na kwenye tabini inayozungushwa na gesi hiyo ya moto, hukaguliwa. Ndege inayouzwa kwa bei ya kutupa huku injini ina saa 3,400 itakuletea bili ya mamia ya maelfu ya dola kabla hujaizoea. Saa pekee hazitoshi: diski za ndani huhesabiwa kwa mizunguko, yaani kuwashwa, kuruka na kutua. Ndege iliyokuwa ikidonoa safari fupi fupi za Ukunda, Malindi na Lamu siku nzima ina mizunguko mingi kwa saa chache.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya bahari ikiingia kwenye kompresa, sehemu inayoshindilia hewa ndani ya injini, huacha ukoko, injini hufanya kazi zaidi kwa nguvu ileile, na joto hupanda. Chumvi hiyo ikikutana na salfa ya mafuta kwenye joto kali, hula mabapa ya tabini. Dawa yake ni kuosha kompresa injini ikiwa imepoa, na kwa ndege inayolala Mombasa ni kazi ya kila siku inaporuka. Maji yawe safi yasiyo na madini. Ya kisima cha hapa yataongeza chumvi. Uliza daftari la uoshaji. Kama halipo, chukulia haikuoshwa.

Fundi wako apitishe kamera nyembamba kwenye matundu ya nozeli za mafuta aone mabapa. Apakue pia rekodi za joto: kwa 114A kikomo wakati wa kupaa ni nyuzi 805 za Selsiasi, na wakati wa kuwasha 1,090 kwa sekunde 2 tu. Mara nyingi kinachopitisha joto hilo ni betri dhaifu: rubani anafungua mafuta kabla injini haijafika asilimia 12 ya kasi yake ya kuzunguka.

Kwenye bodi ya ndege, boksi la mizigo lililo tumboni livuliwe. Muuzaji atalalamika, lakini kutu hujificha humo, pamoja na kwenye reli za viti, kebo za usukani na maungio ya nguzo za mabawa. Propela nayo hufikia muda wa ukarabati kwa miaka hata ikikaa bure.

Kwa makaratasi, ndege haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa pamoja. Ifutwe huko iliko, ije na cheti cha kusafirishia nje kinachothibitisha inafaa kuruka, ndipo KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, iipe namba ya usajili ya Kenya inayoanza na 5Y. Kubeba abiria wa nauli kunahitaji cheti kingine kabisa.

Arbuni iwekwe kwa wakili, si mkononi mwa muuzaji, na mkataba useme inarudi ukaguzi ukishindwa. Mkaguzi asiwe yule aliyekuwa akiitunza ndege hiyo.