Je, springi ndefu zinaweza kuifuta dhamana ya kiyoyozi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili wasomaji wenye uzoefu wa magari, au wa mikataba yake, wanishauri kabla sijaongeza kosa juu ya kosa.

Nina pikapu ya dizeli yenye giaboksi ya otomatiki, niliyoinunua ikiwa mpya kwa dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Katika mwaka wa kwanza niliifanyia mabadiliko matatu nje ya karakana ya muuzaji: niliweka springi na shokapu ndefu zilizoinyanyua kwa sentimita 5, nikafunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kisha, na hapa ndipo ninapojilaumu, nikamruhusu fundi aandike upya programu ya kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa zaidi. Sevisi zote nilizifanya kwa muuzaji kwa wakati wake, na risiti ninazo.

Ilipofikisha kilomita 41,000, kompresa ya kiyoyozi ilikufa, na kabla mwezi haujaisha giaboksi ikaanza kushtuka kila inapoingia gia ya tatu. Muuzaji aliikagua kwa muda usiofika saa moja, akaandika kwenye fomu kwamba gari limefanyiwa mabadiliko na dhamana imefutwa, akanirudishia funguo.

Kuhusu giaboksi sina ubishi mkubwa. Naelewa kwamba injini ikitoa nguvu ya mzunguko kupita kiwango ambacho klachi za ndani ya giaboksi ziliundwa kukihimili, klachi hizo huteleza, hupata joto na kuchakaa, na kwamba matairi mazito huongeza mzigo huohuo. Hata hivyo, hakuna aliyetazama rangi ya mafuta ya giaboksi wala kuunganisha mashine ya kusoma hitilafu, na mshtuko wa namna hiyo unaweza pia kuletwa na vali mbovu iliyotoka nayo kiwandani.

Kinachonikera ni kompresa. Ni kweli inazungushwa na mkanda wa injini, lakini kikomo cha mizunguko ya injini hakikuguswa, na sioni springi za magurudumu zinahusikaje na gesi ya kiyoyozi. Tena kijitabu changu cha dhamana hakisemi kwamba mabadiliko yanafuta dhamana nzima. Kinasema kwamba haitalipia uharibifu "uliosababishwa na" mabadiliko hayo, na kwangu mimi maneno hayo mawili ndiyo kesi yote. Nimesoma pia kwamba Marekani ina sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida humkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri vya chapa yake pekee, ingawa haimlazimishi kulipia uharibifu ulioletwa na kipuri cha nje. Mkataba wangu hauko chini ya sheria hiyo, lakini nadhani hoja yake ni ya haki popote.

Sasa fundi wangu ananishauri nirudishe programu ya awali na springi za zamani, kisha nilipeleke gari kwa wakala mwingine kana kwamba halijaguswa. Nasita, kwanza kwa sababu huo ni udanganyifu, na pili kwa sababu kompyuta nyingi za magari ya siku hizi huhifadhi idadi ya mara zilizoandikwa upya, hivyo naweza kuumbuka na kupoteza hata dai la kompresa ambalo naamini ni halali.

Naomba kujua: je, niyatenganishe madai haya kwa maandishi, nikiri wazi kuhusu programu na kushikilia dai la kompresa peke yake? Nikimtaka muuzaji aeleze kwa barua ni badiliko lipi lililoharibu kifaa kipi, naye akikataa, nimwendee mtengenezaji moja kwa moja au nitangulie kumlipa mkaguzi huru? Na je, springi hizo nizing'oe kabla ya ukaguzi huo, au nikizing'oa nitakuwa nimeharibu ushahidi wangu mwenyewe?

Wako,
Mwenye pikapu iliyonyanyuliwa