Ami, soma historia ya MOT kabla ya kutuma pesa

Ami mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku Birmingham tu wazima, twaomba nanyi Mombasa muwe hivyo hivyo.

Nimezipata picha za ile Mercedes E-Class uliyotumiwa na wakala. Inapendeza, na bei yake inavutia. Lakini kabla hujatoa hata malipo ya awali, kuna kitu unachoweza kukitazama mwenyewe kwa simu, bila malipo na bila kujisajili: historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza. Gari hukaguliwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3 tangu kusajiliwa, kisha kila mwaka. Matokeo yote, ya kufaulu na ya kufeli, huwekwa kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, na muuzaji hana uwezo wa kuyafuta. Unachohitaji ni namba pleti tu. Kufunika pleti kwenye tangazo ni kawaida huku, ila kumnyima mnunuzi namba akiiomba si kawaida. Wakala akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Pleti yenyewe inataja umri. Ina herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Tarakimu 19 maana yake gari lilisajiliwa kati ya Machi na Agosti 2019. 69 ni kati ya Septemba 2019 na Februari 2020, kwa kuwa nusu ya pili huongezewa 50. Hili lakuhusu sana, maana Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Wapo wanaonunua pleti za mapambo zinazoficha umri, kwa hiyo tegemea tarehe ya usajili iliyo kwenye ukurasa wa gari huko GOV.UK. Linganisha pia rangi na aina ya mafuta iliyoandikwa hapo na gari lenyewe. Kisha omba picha ya namba ya chesisi iliyo chini ya kioo cha mbele, ilingane na ile ya logbuku ya Uingereza, inayoitwa V5C, na ya cheti cha MOT. Mtu anaweza kukupa namba ya gari zuri lisilo lake.

Ukishafungua ukurasa, anza na maili, uzisome kwa mfululizo kutoka ukaguzi wa zamani hadi wa karibuni. Zidisha kwa 1.6 upate kilomita. Ukikuta 38,000, kisha 49,000, kisha 95,000, kisha 71,000, mkaguzi alikosea kuandika 59,000, na mstari umeendelea sawasawa. Ukikuta 38,000, 61,000, 84,000, halafu 52,000 na 57,000, hapo yaelekea maili zimerudishwa nyuma. Jambo la kuangalia zaidi ni ile miaka 3 ya mwanzo, ambayo haina rekodi hapa. Gari la kampuni lililokimbia barabara kuu kila siku laweza kurudishwa maili kabla ya ukaguzi wake wa kwanza, na ukurasa usionyeshe lolote. Ndiyo maana lazima uombe pia kumbukumbu za sevisi, na picha za karibu za usukani, pedeli ya breki na ukingo wa kiti cha dereva.

Kwa E-Class kuna jingine. Nyingi zimefanya kazi ya teksi na kupeleka abiria viwanja vya ndege. Teksi hapa hukaguliwa tangu ikiwa na mwaka mmoja, na halmashauri nyingi huitaka ikaguliwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona ukaguzi umeanza mapema, au unarudi kila miezi 6, muulize wakala waziwazi kama gari lilikuwa teksi.

Sasa makosa. Tangu Mei 2018 yamegawanywa: ya hatari na makubwa hulifelisha gari, madogo hayalifelishi. Chini yake kuna maonyo, yaani vitu vilivyoanza kuchakaa lakini bado vinaruhusiwa. Wanunuzi wengi hutazama neno la kufaulu wakaruka maonyo, na mimi naona hapo ndipo gari linapojieleza. Onyo la tairi kukaribia kikomo cha milimita 1.6 ni la kawaida. Lakini tairi za mbele zikitajwa kulika upande wa ndani mwaka huu, na tairi mpya zikatajwa hivyo tena miaka inayofuata, shida haiko kwenye tairi. Ni bushi za mkono wa chini, mpangilio wa magurudumu, au gari liligongwa likapinda.

Kutu nayo ifuatilie mwaka kwa mwaka. Huku wakati wa baridi barabara humwagwa chumvi, nayo hula mabomba ya breki, springi na fremu ndogo ya nyuma. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali suspensheni au mkanda wa kiti vilipofungwa hufelisha gari. Likifaulu baadaye, yaelekea limechomelewa. Omba picha za chini. Kwa hewa ya bahari ya hapo Mombasa, gari lililokwisha kuanza kutu mimi singelishauri hata kidogo. Na ukisoma kuwa vifuniko vya chini vilizuia kuona, elewa kwamba mkaguzi haruhusiwi kuvifungua, kwa hiyo sehemu hiyo haikuangaliwa.

Kuna gari linalofeli asubuhi na kufaulu jioni ile ile. Kwa balbu au waipa, hakuna neno. Kwa taa ya injini au ya airbag, omba risiti ya kipuri, kwa sababu hitilafu yaweza kufutwa kwa kompyuta taa ikazimika kwa siku chache tu. Vivyo hivyo, mwaka jana maonyo sita, na mwaka huu, wiki moja kabla ya kutangazwa, hakuna hata moja: risiti za pedi, diski na bushi ziko wapi? Zikiwepo, vizuri. Zisipokuwepo, lipelekwe kwa mkaguzi mwingine. Ada ya juu ya MOT kwa gari dogo ni pauni 54.85, na muuzaji mkweli hatagoma.

MOT haipimi hali ya injini, klachi wala gia boksi. Wala haisemi kama gari lina deni au liliwahi kuandikwa hasara na bima. Hayo hutafutwa kwa ukaguzi wa kulipia. Humo, gari lililoandikwa hasara hupewa herufi. Ukiona S, gari liliumia muundo wake; N, liliumia kwingine. A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kabisa.

Ami, nitumie namba pleti na picha za chesisi, nami nitaupitia ukurasa mstari kwa mstari, nikuandikie vipuri vya kudai kabla ya kukubali bei. Wakala asipewe hata shilingi kabla ya hapo.

Unisalimie Bibi, Mama na wadogo zangu wote.

Wasalaam,
Mwanao