Kevo, rudisha ile jikoni

Rafiki yangu Kevo,

Salamu nyingi. Habari za Nakuru? Sisi hapa Buru Buru hatujambo, ila mvua imetukaba. Mariamu amejifungua salama, mengine nitakueleza tukionana.

Nimeitazama filamu yako mara tatu. Mara ya tatu niliumia, maana niliitafuta ile sehemu ya mama yako akiwa jikoni Kaloleni, nikakuta umeikata. Badala yake kuna droni: inapaa, inalizunguka jumba la KICC, inaifuata barabara ya juu kuelekea Mlolongo. Picha safi, sibishi. Lakini huko ni kule, Kevo. Kiswahili kilishatugawia: kule, pale, mle. Kule ni upande tu, hauna mpaka. Pale nakuonyesha kwa kidole. Mle kuna mtu ameingia. Filamu yako imekaa kule mwanzo mpaka mwisho.

Unamkumbuka Yi-Fu Tuan, yule mwanajiografia tuliyesomeshwa chuoni? Kitabu chake cha 1977 kinasema nafasi ni ya mwendo, na mahali ni pale mwendo unapotua. Droni yako haitui hata mara moja.

Sasa rudi kwenye ile shoti. Mama anaongea na wewe, uso uko kwako, na mkono wake unakwenda wenyewe juu ya dirisha kuchukua kiberiti. Hatazami. Kisha anaruka kile kipande cha sakafu kilichobomoka, na wewe mwenye kamera ukakiruka pia, picha ikatikisika kidogo. Uliniambia umeitoa kwa sababu ya huko kutikisika. Kevo, mtikisiko huo ndio unaonijulisha kwamba wewe ni mtoto wa nyumba ile! Mgeni angejikwaa.

Ozu, yule mwongozaji filamu wa Japani, aliishusha kamera karibu na mkeka, na katika filamu yake Tokyo Story ya 1953 anatuachia vyumba vitupu, na bado tunajua vya nani. Hata hapa kwetu, katika filamu ya Nairobi Half Life ya 2012, kijana Mwas anaibiwa siku ileile anayofika mjini. Barabara bado haijamjua, naye haijui. Jiji lilelile linakuja kuwa lake, hata kama kwa njia mbaya.

Sisemi utupe droni. Ipeleke mwisho. Nikishakaa na mama pale jikoni, nikiona mabati na vigae kutoka juu, macho yangu yatatafuta paa lake. Ukianza na droni, sina ninachotafuta. Na sauti ya kifuniko cha sufuria usiiguse, tafadhali.

Nimeshindwa kulala kwa ajili ya kiberiti kile.

Hebu niambie, bado unayo mikanda yote au umeshafuta? Ni nani aliyekushauri ukate, ni yule mwenye pesa? Anahofia watazamaji wa nje hawataijua Nairobi bila majumba marefu? Mama ameshaiona? Alisema nini alipokuta hayumo? Na ukihitaji sauti za ziada, niende kwake Jumamosi na kinasa sauti, au utakuja mwenyewe?

Nijibu upesi, kabla hujaifunga.

Ni mimi,
Salim