Majaribio ya programu nayo yana watumiaji

Mhariri,

Kila mara tunasoma humu habari za vijana waliobuni programu mpya. Hongera zao. Wanaobaki kuzitunza mbona hawaandikwi? Mimi ni mmoja wao, na la moyoni linahusu fankisheni (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) saidizi za majaribio, zile zinazomtungia mwanaprogramu data ya kupimia msimbo wake, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta.

Programu yetu hurekodi mauzo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Fankisheni ya kutunga mauzo hupewa kilo, kisha bei ya kilo: 40 na 6,000, jumla itarajiwe shilingi 240,000. Mwenzetu mmoja, kwa kupenda unadhifu, akaigeuza bei itangulie. Majaribio ya kupima jumla hiyo yakafaulu yote! Yangeshindwaje, wakati 6,000 mara 40 ni ileile? Kumbe majaribio bado yanaipa 40 kwanza, na sasa tunapima tani sita za dagaa kwa shilingi 40 kilo, bei ambayo Mwaloni hata mfuko mtupu hupewi. Heri yangeanguka, tungejua.

Nikilalamika naambiwa, "Hayo ni majaribio tu, mteja hayaoni." Hayaoni, ndiyo, ila risiti anaiona. Na kuna upande wa pili: majaribio yakianguka kwa wingi kwa sababu tu fankisheni imebadilishwa, watu huyazima ili kazi iende, na kosa la kweli hupita hapo hapo.

Watunzaji wa Python, lugha ya kuandikia programu, walikuwa na subira zaidi. Jina assertEquals, la amri ya kupima kama thamani mbili ni sawa, walitangaza halifai tangu toleo la 3.2, mwaka 2011, litumike assertEqual. La zamani halikufutwa. Liliendelea kufanya kazi huku likitoa onyo, hadi lilipoondolewa katika toleo la 3.12, Oktoba 2023. Miaka 12 kwa ajili ya herufi moja! Wapo wanaosema huko ni kulea uvivu, nami kwa timu ndogo naona miezi michache ingetosha.

Wanaoongoza timu nawaomba hivi: anayetaka mpangilio mpya atunge fankisheni yenye jina jipya, ile ya zamani iiite kwa ndani na kutoa onyo. Kigezo kipya, yaani thamani ya ziada ambayo fankisheni hupewa, mathalani sarafu, kikae mwisho, na asiyekitaja ahesabiwe shilingi. Onyo nalo litaje toleo ambalo ya zamani itaondolewa, maana onyo lisilo na tarehe hakuna anayelisoma.

Mtunza programu,
Nyegezi, Mwanza