MALALAMIKO: ALAMU YENU YA PIKIPIKI INANIMALIZIA BETRI NA MMEIUZA BILA FYUZI

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Habari zenu. Naandika kwa urefu kwa sababu kule kwenye chati yenu kila nikieleza tatizo napewa jibu lilelile, "tafadhali wasiliana na fundi", sasa hapo ndo mnanichanganya, boksi limeandikwa kwa maherufi makubwa kwamba unafunga mwenyewe bila fundi, likishazingua ndo fundi anatafutwa? Basi naomba safari hii mtu asome mpaka mwisho, vitu nimepima kwa mita kabisa, sibwabwaji tu.

Nianze na betri maana ndo iliyonikera kuliko yote. Pikipiki yangu ni ndogo, betri yake volti 12, ampia saa 5. Karatasi yenu inasema alamu ikiwa imewekwa inasubiri tu inakula miliampia 5. Ingekuwa kweli nisingeongea, miliampia 5 kwa masaa 24 ni 0.12 ya ampia saa, pikipiki ingeweza kulala zaidi ya mwezi ndo betri iishe. Lakini mimi nikiiacha siku chache bila kuitembeza naikuta hoi, nikibonyeza stata inafanya tik tik basi, mpaka nipige kiki. Betri imepimwa ni nzima, chaji inaingia vizuri injini ikiwaka, kwenye volti 14 na kitu hivi. Nikatoa waya wa hasi, nikaunganisha multimita katikati ya waya na betri, swichi imezimwa, alamu imewekwa, inasoma miliampia 28. Nikachomoa soketi ya alamu, ikashuka mpaka karibu na sifuri. Yaani mwizi wa kwanza kuigusa pikipiki yangu ni alamu yenyewe.

Pigeni hesabu nyie wenyewe, 28 mara 24 ni miliampia saa 672 kila siku, betri ya 5 ikiwa imejaa kabisa inakauka kwenye wiki moja na kidogo, na stata inagoma mapema zaidi maana yenyewe inahitaji nguvu nyingi. Halafu hizi betri za asidi zikiachwa tupu mara kwa mara zinakufa moja kwa moja, hata ukichaji hairudi kama zamani, kwa hiyo mtu ananunua alamu rahisi anajikuta ananunua na betri juu yake.

Sasa fyuzi, na hapa naomba msilete mambo ya chati. Waya mwekundu unatoka kwenye kiboksi chenu unaenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri, katikati hakuna kitu, kwenye mchoro hakuna fyuzi, ndani ya boksi hakuna, wala sentensi moja ya kumwambia mtu atafute yake. Na waya wenyewe mwembamba, unapita chini ya siti kusuguana na fremu, pikipiki inatetemeka muda wote inapotembea, siku plastiki ikichubuka chuma kikagusana na chuma hiyo ni shoti kamili, betri hata iwe ndogo inatema ampia nyingi sana kwa mkupuo, waya unawaka mwekundu na tenki la petroli lipo palepale jirani. Mimi nimeweka fyuzi ya ampia 5 kabla hata sijajaribu kuiwasha, indiketa 4 za wati 10 zikipiga pamoja ni kama ampia 3 na nusu, king'ora ongeza kama ampia 1, inatosha. Na nimeiweka karibu kabisa na betri, maana ukiiweka kule mwisho kwenye kiboksi waya wote wa katikati unabaki haulindwi. Lakini mimi nina uzoefu kidogo na umeme, je yule anayefuata karatasi yenu neno kwa neno? Kwenye boksi kuna stika 2 za kutisha wezi, nafasi ya stika ilipatikana ila ya fyuzi ikakosekana.

Kingine sensa. Picha ya nje ya boksi inaonyesha skrubu ya kupunguza na kuongeza ukali, mimi nimezunguka kiboksi chote hakina skrubu, hakina hata tundu lake. Matokeo yake lori likipita inalia, upepo ukivuma inalia, paka akiruka kwenye siti ndo kabisa. Alamu inayolia hovyo usiku kucha mwisho wake watu wanaizoea, ikilia ya kweli hakuna anayeinua hata pazia, na mwenye pikipiki anaishia kuizima ili majirani walale. Nimejaribu kuweka sponji chini ya kiboksi imepungua kidogo, sasa ikawa lori halishtui lakini nikiisukuma pikipiki taratibu nayo haishtuki. Hiyo kazi ya skrubu mngeifanya nyie.

Rimoti mmesema msimbo wake hauwezi kuigwa. Jamaa yangu anayechezea mambo ya redio alikaa pembeni na kifaa chake, akarekodi mbonyezo wangu mmoja kwenye 433 megahezi, akaurusha tena, alamu ikazimika. Ikawekwa tena, akaurusha uleule, ikazimika tena. Maana yake rimoti inatuma msimbo mmoja siku zote, ule wa kubadilika kila ukibonyeza humo ndani haupo. Rimoti za namna hiyo zipo nyingi kwenye vitu rahisi na mimi sikutegemea maajabu, ila futeni hayo maneno kwenye boksi.

Desibeli 125 za king'ora nazo mmepima kutoka umbali gani? Hamjaandika, na bila umbali hiyo namba haina maana, mahali pa wazi kila umbali ukiongezeka mara 2 sauti inashuka desibeli kama 6, kwa hiyo 125 ya sentimita 10 na 125 ya mita 1 ni ving'ora viwili tofauti kabisa. Sauti sio mbaya kwa kweli, hilo nawapa, inaumiza masikio ukiwa karibu. Ila mchoro unaonyesha kukifunga chini ya siti mdomo ukiangalia juu, pale sauti inazibwa na maji yanatuama ndani, mimi nimekigeuza kikaangalia chini.

Na ule waya wa kuwasha injini kwa rimoti mimi sikuufunga, nimeukata nikauzungushia tepu. Pikipiki ikiwa imeachwa kwenye gia halafu mtoto akabonyeza rimoti mezani itaondoka yenyewe, na mfumo wenu hauna waya wowote wa kuangalia kama ipo nyutro. Hata ule wa kukata injini mmechora namna moja tu, wakati pikipiki nyingine zinazimika kwa kukata umeme wa kwenda kwenye CDI, kile kifaa cha kuipa plagi moto, na nyingine kwa kupeleka waya wa kuzimia kwenye bodi, ukifuata mchoro wenu kwenye ile ya pili hauzimi kitu.

Ninachotaka: mnirudishie hela yangu yote pamoja na ya usafirishaji, au mnitumie kiboksi kingine chenye skrubu kama kwenye picha na ambacho mmekipima kweli hakizidi hizo miliampia 5. Chagueni lolote. La fyuzi halina kuchagua, waandikieni wote waliokwisha kununua wajue waya ule unatakiwa ulindwe, na zilizobaki stoo muweke fyuzi ndani kabla hazijatoka.

Nimeambatanisha risiti, picha ya mita ikisoma 28, video ya rimoti ikirudiwa na picha ya boksi mbele na nyuma. Alamu nimeshaifungua ipo kwenye boksi lake na waya zote, ule niliokata nimeuwekea alama. Nijibuni kwa emeili hiihii, na awe mtu, msinirudishe kwenye chati.

Mteja wenu,
namba ya oda ipo kwenye risiti.