Leseni ya nyumba bila ukaguzi haitusaidii wapangaji

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu halmashauri za Uingereza kuwataka wenye nyumba za kupangisha walipie leseni. Wenye nyumba wanasema ada hiyo itaishia kwenye kodi zetu za nyumba. Huenda ni kweli. Mimi ni mpangaji, na bado naiunga mkono.

Sheria ya Makazi ya 2004 inadai leseni kwa nyumba kubwa wanamoishi pamoja wapangaji wa familia tofauti, na halmashauri inaweza kuidai kwa nyumba nyingine pia, kama halmashauri ya Newham, London Mashariki, ilivyofanya mwaka 2013. Kasoro iko kwenye ukaguzi. Nyumba yangu ya kwanza hapa London ilikuwa na leseni, lakini ukungu ulitanda ukutani hadi koti langu likaota madoa, na king'ora cha moshi kilifungwa mfuko wa plastiki. Mwaka mzima hakuna mkaguzi aliyebisha hodi.

Mkaguzi aje kabla leseni haijatolewa, asingoje malalamiko. Pia wapangaji waelezwe, hata kwa Kiswahili na Kisomali, kwamba mwenye nyumba aliyekwepa leseni anaweza kuamriwa kuwarudishia kodi. Wengi wetu hatulijui hilo.

Mpangaji,
London Mashariki