Barua ya wazi kwa vijana wa maabara za magonjwa ya mimea

Wanangu,

Kila mara mnaniuliza mtu afanye nini pale hadubini inapokataa kumwonyesha kitu. Naomba nijibu kwa kumtaja Martinus Beijerinck, Mholanzi aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1851, ambaye kabla ya kuwa profesa huko Delft aliajiriwa na kiwanda cha hamira mjini humo, na ambaye mwaka 1888 aliwatenga bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde na kuilisha naitrojeni.

Fundi huyo wa kuotesha bakteria alitafuta bakteria katika majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, asimpate hata mmoja. Wengi wetu hapo tungeandika kwamba sampuli imeharibika. Yeye aliirudia kazi hiyo baada ya miaka, akayakamua majani, akapitisha maji yake katika kichujio cha kauri kinachozuia bakteria, kisha akayadunga katika mimea mizima, nayo ikaugua. Akakamua mimea hiyo akaambukiza mingine, na makali ya ugonjwa hayakupungua, ilhali sumu ya kawaida ingezimuka kila ilipohamishwa. Akaona pia kwamba kitu hicho huongezeka ndani ya tishu changa tu, zile ambazo bado zinakua. Mwaka 1898 alikitangaza kuwa kimiminika hai chenye kuambukiza, akakiita virusi.

Kwenye kimiminika aliteleza: mwaka 1935 mkemia Mmarekani Wendell Stanley alikipata kirusi hicho katika umbo la fuwele, na miaka minne baadaye hadubini ya elektroni, yenye kukuza kuliko ya kawaida, ikaonyesha vijiti, yaani chembe na si kimiminika. Kosa hilo halinisumbui, kwa sababu halikuvuka ushahidi aliokuwa nao. Ninalompendea zaidi ni kwamba alipoarifiwa kuwa Mrusi Dmitri Ivanovsky alikwisha kupitisha ugonjwa huo kwenye kichujio mwaka 1892, alikiri kwa maandishi kuwa ametanguliwa. Ukali wake kwa wanafunzi, ambao haukuwa siri, msiurithi.

Batobato ya mihogo, ugonjwa mwingine wa virusi ambao mnaletewa majani yake kila msimu, ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kabla hata neno virusi halijapata maana aliyolipa Beijerinck. Basi jaribio lisilotoa jibu mliandike daftarini sawasawa na lile lililofaulu: kichujio kipi, mmea wa umri gani, siku ngapi hadi baka la kwanza. Mtakaporudi baada ya miaka kumi, mtahitaji ukurasa huo.

Mzee wenu, mstaafu wa maabara